Shamba Moja, Mabaraza Mawili: Shauri la Pili na Lingoje

Mwananchi wa visiwani akiletewa hati ya wito inayomtaka afike mbele ya baraza la ardhi, hutazama kwanza ziwa, kisha hutazama mfuko wake. Ziwa likiwa shwari na nauli ikiwapo, ataondoka alfajiri na kufika kwa wakati. Ziwa likichafuka, au mfuko ukiwa mtupu, shauri lake litaitwa naye hayupo, na huenda likasikilizwa upande mmoja. Hali hiyo ni nzito hata kwa mwenye shauri moja. Leo tunapenda kusema juu ya yule mwenye mashauri mawili au matatu, yote juu ya shamba lile lile na dhidi ya watu wale wale, yakiendeshwa kwa wakati mmoja katika mahakama na mabaraza mbalimbali.

Jambo hili linajulikana kwa kila mtu aliyewahi kukaa katika vibaraza vya mahakama zetu, kuanzia Nansio hadi mjini Mwanza. Linawatia wananchi umaskini, linawagombanisha ndugu wa tumbo moja, na linaivunjia heshima sheria yenyewe. Kwa bahati njema dawa yake imo katika sheria zetu tangu zamani. Tatizo ni kwamba wengi wenye kuumwa hawaijui, na baadhi ya wenye kuijua hawapendi itumike.

Tuchukue mfano. Tumeutunga sisi wenyewe ili usimguse mtu yeyote, lakini wakazi wa Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome wataona kwamba sura yake wanaifahamu.

Mzee mmoja amefariki na kuacha shamba la michungwa na mihogo linaloteremka hadi karibu na ufuko. Mwanawe mkubwa alikwisha kuhamia mjini Mwanza siku nyingi. Mdogo alibaki kisiwani akilima na kumuuguza baba. Baada ya arobaini, mkubwa anakwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, na anateuliwa kuwa msimamizi. Mdogo anadai kwamba baba alimpa shamba lile wakati wa uhai wake, mbele ya wazee. Anapeleka lalamiko kwenye Baraza la Kata, usuluhishi unashindikana, naye anafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ili atamkwe kuwa mwenye shamba.

Shauri hilo halijasikilizwa, mkubwa anamuuzia mtu baki sehemu ya shamba. Mnunuzi anafika na vibarua na kukata minyaa ya mpaka. Mdogo anawafukuza, na mnunuzi anakimbilia polisi. Mdogo anashitakiwa Mahakama ya Mwanzo kwa kosa la kuingia kwa jinai katika shamba alilozaliwa. Hapo mnunuzi, kwa ushauri wa wale tunaowaita mawakili wa vichochoroni, anafungua shauri jingine la kutaka naye atamkwe kuwa mwenye shamba. Analifungua mbali na kisiwa, kwa kutumaini kwamba mpinzani wake hatafika. Mdogo, kwa kuchanganyikiwa, anakwenda kwa Mkuu wa Wilaya, na kutoka hapo anakwenda kwenye ofisi ya Chama.

Shamba moja sasa limo katika meza sita. Tarehe zinagongana. Siku ambayo mdogo anatakiwa kuwa kizimbani kisiwani ndiyo siku anayotakiwa kujitetea ng'ambo ya ziwa, na hakuna mtu anayeweza kupanda mitumbwi miwili kwa wakati mmoja. Hukumu ya kwanza inatoka na kusema shamba ni la mdogo. Ya pili inatolewa upande mmoja na kusema shamba ni la mnunuzi. Mwenye hukumu hii anamleta dalali wa mahakama, na mwenye hukumu ile anamleta wa kwake. Wenye mapanga nao hawakosi kusikia kwamba sheria imesema maneno mawili. Katika hali kama hiyo damu humwagika, na damu ikimwagika shamba huwa halina maana tena kwa mtu yeyote.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Mwenendo wa Madai, iliyotungwa na Bunge mwaka 1966, iliweka katika kifungu chake cha 8 amri iliyo wazi kabisa. Inaikataza mahakama yoyote kuendelea kusikiliza shauri ikiwa jambo lenyewe linalogombaniwa limekwisha kufikishwa, katika shauri lililotangulia kufunguliwa, mbele ya mahakama nyingine yenye uwezo hapa Tanzania, na bado halijakatwa. Kifungu cha 9 kinachokifuata kinakataza jambo lililokwisha kuhukumiwa lisifufuliwe na kuhukumiwa tena. Vifungu hivi ni mapacha: cha kwanza kinalinda shauri lisilokwisha, na cha pili kinalinda shauri lililokwisha.

Sheria hii ina ukoo mrefu. Kabla ya 1966 Tanganyika ilikuwa ikitumia sheria ya India ya mwaka 1908, iliyoletwa na wakoloni wa Kiingereza, na kanuni hiyo hiyo ilikuwa ndani yake. Majirani zetu wa Kenya na Uganda nao wanayo katika sheria zao za madai. Mahakama ya Juu ya Kenya iliifafanua kanuni hiyo mwaka 2020, ikaonyesha kwamba lengo lake ni kuzuia utitiri wa mashauri na kuepusha hukumu zinazopingana.

Kwa lugha ya kawaida, mtu anayeomba shauri la pili lisimamishwe yampasa aonyeshe mambo manne. La kwanza, kwamba kiini cha ugomvi ni kimoja katika mashauri yote mawili. La pili, kwamba wagomvi ni wale wale, au ni watu wanaodai kupitia kwao, kama mrithi kwa marehemu au mnunuzi kwa muuzaji. La tatu, kwamba wanadai kwa hadhi ile ile. La nne, kwamba shauri la kwanza liko hai mbele ya chombo chenye uwezo wa kutoa nafuu inayoombwa. Kipimo chepesi ni kujiuliza hivi: je, hukumu ya shauri la kwanza ikitoka, italimaliza na hili la pili? Ikiwa jibu ni ndiyo, hili la pili na lingoje.

Wako wanaodhani kwamba kanuni hiyo ni ya mahakama za mahakimu peke yake na kwamba mabaraza ya ardhi hayahusiki. Wanakosea. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 inayaagiza Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya kufuata kanuni zake yenyewe, na pale kanuni hizo zinapopungukiwa, kufuata Sheria ya Mwenendo wa Madai. Kwa hiyo mwenyekiti wa baraza anao uwezo wa kulisimamisha shauri, na anao wajibu pia.

NGAZI NI NYINGI, LAKINI NI NGAZI ZA NYUMBA MOJA

Inafaa kukumbuka jinsi ngazi hizi zilivyopangwa, maana mtu asiyezijua huziona kama maduka, akikosa bidhaa hapa anakwenda pale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliunda Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Juu yake lipo Baraza la Kata. Zamani Baraza la Kata lilikuwa likikata mashauri, lakini kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 limeondolewa uwezo huo, na sasa kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti cha kushindwa, na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda mbele hata bila cheti hicho. Juu yake lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani.

Hizo ni ngazi za nyumba moja. Mtu hupanda kutoka moja kwenda nyingine, usuluhishi ukishindikana au kwa njia ya rufaa. Anayesimama kwenye mbili kwa pamoja ataanguka, na wazee wetu walikwisha kutuonya kwamba njia mbili zilimshinda fisi.

Kuhusu mirathi, Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba mali ya marehemu inapogombaniwa na mirathi imekwisha kufunguliwa, mahakama ya mirathi ndiyo yenye kuamua kama mali ile ni ya marehemu au si yake. Katika mfano wetu, basi, mdogo angepeleka madai yake huko kwenye mirathi kwanza, pamoja na wazee wake wa ushahidi, kabla ya kukimbilia barazani.

Kuhusu jinai nako mwongozo upo. Kifungu cha 8 hakihusiki na kesi za jinai, lakini Mahakama Kuu, katika hukumu iliyochapishwa katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1992, ilisema kwamba shitaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama pale ambapo ardhi yenyewe inagombaniwa na mwenyewe hajaamuliwa katika shauri la madai. Mantiki yake hata mtoto anaielewa. Huwezi kumwita mtu mvamizi wa shamba kabla hujajua shamba ni la nani. Tunawasihi askari polisi na mahakimu wetu wasiruhusu kizimba kigeuzwe fimbo ya kumfukuzia mtu shambani, maana wako wenye fedha wanaoiona kesi ya jinai kuwa njia ya mkato.

KUSIMAMISHA SI KUFUTA

Hapa tunapenda kutulia kidogo, kwa sababu ndipo penye hofu kubwa ya wananchi. Mkulima akiambiwa kwamba shauri lake limesimamishwa, husikia kwamba limezikwa. Hofu hiyo ina historia, na sisi tulio katika Chama hatuna budi kuisema bila kuificha.

Wakati wa Operesheni Vijiji, ambayo hapa Mwanza ilifanyika mwaka 1974, watu wengi walihamishwa kutoka katika maboma yao na kugawiwa ardhi mahali pengine, mara nyingi ardhi iliyokuwa na wenyewe. Miaka ya 1980 wale wenyewe wa asili, au watoto wao, walianza kudai mahakamani, na baadhi yao walishinda. Serikali ikaona vijiji vitavurugika. Mwaka 1987 ilitolewa amri ya kufuta haki za kimila katika baadhi ya vijiji vya Mkoa wa Arusha. Mwaka 1992 Bunge likapitisha Sheria Namba 22, iliyofuta haki za kimila za ardhi zilizokuwako kabla ya operesheni katika vijiji vilivyoandikishwa, ikakataza fidia, ikafunga milango ya mahakama, ikazikomesha kesi zilizokuwa zikiendelea, na ikazuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Baba mmoja na mwanawe wa Mkoa wa Arusha walikuwa wameshinda kesi ya shamba lao mbele ya Hakimu Mkazi, na rufaa ya wapinzani wao ilikuwa bado Mahakama Kuu, sheria hiyo ilipowakuta. Waliipinga kwa kutumia Katiba. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwezi Desemba 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na majaji wenzake wawili wakaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na vifungu vilivyowafungia wananchi milango ya mahakama vikatenguliwa.

Tunalikumbusha jambo hilo kwa sababu linatuonyesha tofauti baina ya vitu viwili vinavyofanana kwa mbali. Sheria ya 1992 ilisema: nendeni zenu, hakuna atakayewasikiliza. Kifungu cha 8 kinasema: mtasikilizwa, lakini mahali pamoja, na kwa zamu. Shauri linalosimamishwa linabaki katika masjala na namba yake, likingojea. Ikiwa la kwanza litamaliza kila kitu, la pili litafungwa kwa kuwa halina kazi. Ikiwa la kwanza litaacha jambo lolote bila kuamuliwa, la pili litaamshwa na kuendelea. Hakuna haki inayopotea kwa kungoja.

Wakati wa kungoja, mali yenyewe inaweza kulindwa. Kinachosimama ni usikilizaji, lakini uwezo wa chombo kutoa amri ya muda ya zuio haufi. Mtu anayeona michungwa inakatwa au sehemu ya shamba inauzwa aombe zuio katika shauri la kwanza, ili kila kitu kibaki kama kilivyo hadi hukumu. Kumsimamisha mkulima bila kulilinda shamba ni kumfunga mikono mbele ya mwizi.

Kwa upande wa maofisa wa ardhi, tunawakumbusha kwamba kwa ugomvi uliotokana na Operesheni Vijiji sheria imekwisha kusema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, katika kifungu cha 15, imethibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini baina ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Ofisa anayemwambia mkulima ukweli huo mapema anamwokolea nauli na miaka.

WANAOITUMIA KANUNI VIBAYA

Hatutakuwa wakweli tukisema kwamba kanuni hii haina kasoro. Kisu kinachokata nyama hukata na kidole. Yuko mtu aliyevamia shamba la mjane, naye akijua kwamba mjane atakwenda barazani, anatangulia yeye kufungua shauri la bandia mahali penye msongamano, kisha anakaa kimya akila matunda. Mjane akifungua shauri lake la haki, mvamizi anasimama na kusema: hili lisimamishwe, kuna shauri la kwanza.

Hata nchi zilizoendelea zimelionja jambo hili. Katika Jumuiya ya Ulaya, ambako mahakama iliyofikiwa kwanza ndiyo huendelea, wafanyabiashara wajanja walikuwa wakiwahi kufungua mashauri katika nchi ambako kesi huchukua miaka mingi, kwa nia ya kuwafunga wapinzani wao. Wanasheria waliuita ujanja huo topido ya Kiitaliano. Sheria ya Ulaya ilibidi irekebishwe mwaka 2012, na marekebisho yalianza kutumika Januari 2015, ili wale waliokwisha kukubaliana mahakama yao kwa mkataba wasinaswe kwa ujanja huo.

Fundisho kwetu ni kwamba anayeomba kusimamisha shauri aonyeshe kwa maandishi kwamba lile la kwanza linaendelea kweli: hati ya madai, namba ya shauri, na mwenendo wake wa karibuni. Aliyefungua shauri kisha asilisukume mbele hafai kupewa ngao. Naye mwenyekiti au hakimu wa shauri la kwanza, akipata habari kwamba jingine linangoja mlangoni kwake, ana wajibu wa kuharakisha. Katiba yetu, katika ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Amri ya kungoja bila haraka upande wa pili hugeuka kuwa adhabu kwa asiye na kosa.

NENO KWA VIONGOZI

Sasa tunarudi kwenye zile meza mbili za mwisho katika mfano wetu, ofisi ya Mkuu wa Wilaya na ofisi ya Chama. Hapa tunajisema wenyewe.

Kiongozi akiletewa malalamiko na mwananchi mwenye machozi, moyo humsukuma kusaidia, na hiyo ni sifa njema. Lakini ni lazima aulize swali moja kabla ya yote: je, jambo hili liko mahakamani? Likiwa huko, msaada wake ni kumwonyesha mwananchi njia ya kupata haki yake huko huko, basi. Kiongozi anayeitisha kikao, akatoa amri ya kumwondoa mtu shambani wakati baraza halijatoa hukumu, amefungua kesi nyingine isiyo na namba na isiyo na rufaa. Akimwamuru mtendaji wa kijiji apime mpaka upya wakati mpaka wenyewe ndio unaogombaniwa, ameharibu ushahidi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakemea viongozi wenye tabia ya ubwana. Ubwana una sura nyingi, na mojawapo ni ya kujiona kwamba neno letu ofisini linapita hukumu.

Hatusemi kwamba viongozi wasipatanishe. Suluhu ni njema wakati wowote, na Katiba yenyewe inaitaka. Lakini suluhu iliyopatikana wakati kesi iko barazani ipelekwe barazani, iandikwe, na iwe sehemu ya hukumu. Vinginevyo aliyekubali leo atakana kesho, nasi tutakuwa tumeongeza karatasi ya saba.

Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoundwa Januari 1991 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji na kutoa taarifa yake mwaka 1992, iliwasikiliza wananchi nchi nzima wakilalamika juu ya ardhi yao, na mojawapo ya mapendekezo yake lilikuwa kuwa na mabaraza ya wazee vijijini. Maana yake ni kwamba haki ya ardhi ikae karibu na ardhi yenyewe, na ijulikane inakaa kwa nani. Ngazi za sasa haziko vile vile kama Tume ilivyopendekeza, lakini shabaha hiyo bado ni ya kweli.

TUFANYE NINI

Kwa wananchi wa visiwani na wa ufukoni, tunatoa ushauri ufuatao.

Kila unapofungua shauri, sema kweli mbele ya karani kama lipo jingine juu ya ardhi hiyo hiyo. Ukificha, litajulikana, na mtu aliyekutwa anaficha hupoteza imani ya baraza hata katika jambo alilo na haki nalo.

Ukiletewa hati ya wito ya shauri la pili, usiitupe na usinyamaze. Wengi wameshindwa kwa sababu walisema: hili nalijua, liko kwenye baraza jingine. Baraza la pili halijui mpaka uliambie. Fika, au tuma mtu, na uweke pingamizi mapema ukiambatisha nakala ya shauri la kwanza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo hoja hiyo waweza kuiandika kwa lugha yako na kuisoma mwenyewe.

Tunza karatasi. Nakala ya hati ya madai, stakabadhi ya ada na hati ya tarehe ndizo zitakazothibitisha ni shauri gani lilitangulia. Ziwekwe mahali ambapo mvua na mchwa havifiki, na wakati wa kuvuka zifungwe ndani ya mfuko wa nailoni.

Usiingie gharama kwa watu wasio mawakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na kampeni ya msaada wa kisheria iliyozinduliwa mwaka 2023 kwa jina la Mama Samia imekuwa ikiwafikia wananchi bila malipo, ugomvi wa ardhi ukiwa miongoni mwa mambo yake makubwa. Waulizwe hao.

Tena, kabla ya kugombania ufuko, jiulizeni kama ufuko wenyewe unagombanika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hasa zile za kudumu na za kuharibu. Wako ndugu waliotumia akiba ya uvuvi wa miaka mingi kugombania kipande ambacho hakuna kati yao atakayeruhusiwa kujenga juu yake.

Kwa wenyeviti wa mabaraza, mahakimu na makarani, ombi letu ni jepesi. Siku ya kwanza ya shauri, kabla ya kuandika lolote, ulizeni pande zote mbili: kuna shauri jingine juu ya ardhi hii, wapi, na tangu lini? Swali hilo moja lingeokoa safari nyingi za mitumbwi. Likionekana jingine, wasilianeni, chombo kwa chombo, badala ya kumfanya mkulima kuwa tarishi baina yenu. Mnapopanga tarehe, kumbukeni kwamba mtu wa Ukara hasafiri kama mtu wa Kirumba. Ziwa hili lilitupatia msiba wa MV Bukoba mwaka 1996, na wa MV Nyerere mwaka 2018 karibu na Ukara yenyewe. Kumlazimisha mtu avuke mara mbili kwa jambo moja ni kumtwisha hatari isiyo na sababu.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba kadhi hahukumu mpaka asikie upande wa pili, na kwamba ni dhambi kula mali ya mwenzako kwa kupitia kwa mahakimu hali unajua si yako. Shule ya Serikali nayo ikatufundisha kwamba sheria ni moja kwa wote. Mafunzo hayo mawili yanakutana hapa. Mwenye kufungua mashauri mengi juu ya shamba moja mara nyingi anamkimbia msikilizaji. Anatafuta mahali ambapo mwenzake hatasikika.

Kwa hiyo tunasema: shamba moja, ugomvi mmoja, baraza moja. Lililotangulia lisikilizwe, tena kwa haraka, na shamba lilindwe. Lililofuata lingoje mlangoni. Na hukumu ikitoka, ndugu wavuke ziwa kurudi nyumbani wakiwa na neno moja mikononi, hata kama neno hilo halikumpendeza kila mmoja wao.